Malazi ya likizo Tanga na Pangani: ujitafutie mwenyewe au upitie kampuni ya utalii? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu kutoka kwa familia za Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, na kwa ndugu walio ughaibuni wanaotaka kuja kupumzika mkoani Tanga. Tukisema Tanga hapa tunamaanisha jiji lenyewe, Pangani na ufukwe wa Ushongo, na milima ya Usambara. Bei zilizotajwa ni za kupigia hesabu tu. Za leo utazipata kwa kupiga simu.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuna tofauti gani hasa kati ya kujitafutia malazi na kununua kifurushi?

Ukijitafutia, unapatana na kila mtu peke yake: mwenye hoteli, dereva, mwenye boti. Ukinunua kifurushi, unapatana na kampuni moja, nayo ndiyo inayowakusanya hao wote na kukutajia bei moja.

Wengi huishia kutazama bei, lakini tofauti kubwa iko kwenye dhamana. Basi likiharibika Segera ukaingia Pangani usiku wa manane, boti ya asubuhi uliyoilipia mwenyewe itaondoka bila wewe, na nahodha hana kosa. Gari la kampuni likiharibika palepale Segera, huo ni mzigo wa kampuni: wao ndio wa kuisogeza boti au kukurudishia fedha yake. Ile nyongeza unayolipa kwa kampuni ni ya kununua dhamana hiyo. Kama haijaandikwa kwenye makubaliano, umelipa nyongeza bila kupata kitu.

2. Ipi ni nafuu?

Inategemea mko wangapi na mtasafiri kwa nini. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya chumba peke yake na bei ya kifurushi kizima. Weka kila kitu kwenye karatasi moja kwanza.

Chukua mfano wa usiku tatu Ushongo, kuanzia Tanga mjini. Kampuni inataka shilingi 350,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, kwa hiyo wazazi wawili na watoto wawili watalipa 1,050,000. Wakijipangia wenyewe: chumba cha familia 150,000 kwa usiku, jumla 450,000, chakula cha mchana na jioni 60,000 kwa siku, jumla 180,000, gari la kukodi kwenda na kurudi 240,000, boti ya kwenda Maziwe, fungu la mchanga baharini (swali la 15), pamoja na viingilio 160,000. Inafika 1,030,000. Wameokoa elfu ishirini kwa siku kadhaa za kupiga simu.

Sasa wachukue watu wawili tu. Kampuni: 700,000. Wenyewe: chumba 330,000, chakula 120,000, gari lilelile 240,000, boti na viingilio 140,000, jumla 830,000. Wawili wanaumia kwa sababu gari na boti hukodishwa vizima, mkae wawili au mkae sita, wakati kampuni inawachanganya na wageni wengine. Lakini wawili hao wakipanda basi hadi Pangani na kumalizia kwa bodaboda, nauli yote ikawa 60,000, wanashuka hadi 650,000 na kuishinda kampuni. Ndiyo maana hakuna jibu moja.

3. Kwa safari ipi nijitegemee, na kwa ipi nipitie kampuni?

Kulala Tanga mjini, Lushoto au Pangani mjini, jitafutie bila wasiwasi. Usafiri wa umma upo, nyumba za wageni ni nyingi, na ukikuta chumba hakikufai unahamia cha pili hapohapo.

Pitia kampuni ukitaka kuunganisha sehemu tatu au zaidi kwa siku chache, mathalani msitu wa Amani, Pangani na Hifadhi ya Saadani kwa siku tano. Hapo kuchelewa sehemu moja kunavuruga zote. Saadani pekee nayo ni afadhali ukapelekwa: unahitaji gari linalohimili barabara za hifadhi, na viingilio hulipwa kwa mfumo wa malipo ya serikali, si kwa noti mkononi langoni. Mzee mwenye maradhi, au mgeni asiyejua Kiswahili wala nchi, naye tungemshauri hivyohivyo. Kuna pia njia ya katikati, angalia swali la 13.

4. Tanga mjini kuna ufukwe wa mchanga?

Si ule unaouona kwenye picha za matangazo. Pwani ya mjini ni bandari, mikoko na mawe ya matumbawe. Raskazone kuna sehemu za kuogelea kwa kiingilio, upepo mzuri na mandhari ya ghuba, na kwa kupumzika jioni ni pazuri sana. Lakini mtoto aliyeahidiwa kujenga majumba ya mchanga atalia.

Mchanga mrefu uko kusini, upande wa Pangani, kama kilomita 50 kutoka mjini, na hasa Ushongo, ambako ni ng'ambo ya Mto Pangani. Ukipanga Ushongo, uliza hoteli mambo mawili: siku hiyo watu wanavukia wapi, na mwisho wa kuvuka ni saa ngapi. Malazi yanayotangazwa kama ya "ufukwe wa Tanga" bila kutaja kijiji, uliza kijiji. Wakikwepa kukitaja, tafuta kwingine.

5. Miezi gani ni mizuri, na nianze kutafuta lini?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto na bahari huwa ya upole. Masika, mwisho wa Machi hadi Mei, mvua ni kubwa, njia za udongo hukatika, na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga ili kufanya matengenezo. Kusi, Juni hadi Septemba, kuna ubaridi mzuri wa kulala bila feni lakini mawimbi ni makali zaidi kwa boti ndogo. Lushoto miezi hiyo ni baridi kweli, na maji ya moto si anasa tena.

Kwa Krismasi, Mwaka Mpya na Idi, anza miezi miwili kabla. Kwa likizo ya shule ya Juni, wiki nne. Siku nyingine, wiki moja inatosha.

## Ukijitafutia mwenyewe

6. Nianzie wapi?

Anza na tarehe, na kama bahari ndiyo lengo lako, tarehe hizo zipime kwanza kwa kalenda ya maji (swali la 15). Kisha pata majina matatu ya malazi yanayokaribiana kwa hadhi. Ukiwa na moja huna nguvu ya kupatana, na ukiwa na kumi utachoka.

Piga simu ya mapokezi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, muda ambao meneja yupo. Anayepokea usiku mara nyingi ni mlinzi au mhudumu wa zamu, atakuambia nafasi ipo bila kufungua daftari. Mkishakubaliana, omba waandike ujumbe wenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, idadi ya vyumba, aina ya chumba, bei kwa usiku na kilichomo ndani ya bei. Wasipoandika, andika wewe uwatumie, wajibu "sawa". Ndipo ulipe kianzio. Siku mbili kabla ya safari piga tena na utaje jina la aliyekupokea mara ya kwanza. Simu hiyo ya pili huokoa likizo nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

7. Niulize nini kabla ya kulipa?

Uliza mambo ambayo picha haionyeshi. Kitanda ni cha futi ngapi? "Chumba cha watu wawili" kinaweza kuwa na kitanda cha 4 kwa 6, ambacho kwa watu wazima wawili kwenye joto la Tanga ni mateso. Taka 5 kwa 6 au zaidi. Choo na bafu viko ndani au vya pamoja? Kifungua kinywa ni cha watu wangapi? Nyumba nyingi za wageni hutoa chai ya mtu mmoja kwa chumba hata mkilala wawili, na ugomvi wa asubuhi huanzia hapo.

Umeme ukikatika, jenereta inawasha nini: taa tu, au na feni na kiyoyozi? Maji ya bomba yakikatika, kuna tangi? Chandarua kipo na hakijatoboka? Baa au ukumbi wa harusi uko umbali gani, na Jumamosi muziki unazimwa saa ngapi? Kama ni ufukweni, kutoka mlangoni hadi majini ni hatua ngapi, na maji yakitoka yanakwenda mbali kiasi gani?

Mwisho uliza kama bei waliyotaja ina kodi ndani yake. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kwa chumba cha 100,000, kusahau swali hilo ni 18,000 kila usiku.

8. Mbona bei ya mtandaoni ni tofauti na ya simu?

Kwa sababu mbili. Tovuti kama Booking.com humkata mwenye hoteli kamisheni, kwa kawaida kama asilimia 15, na wengi huiweka juu ya bei. Tena hoteli nyingi zina bei ya mkazi na bei ya mgeni, na tovuti huonyesha ile ya mgeni. Piga simu, sema ni Mtanzania au mkazi, uliza bei yako. Ukifika utaombwa kitambulisho kuthibitisha.

Usidharau tovuti hata hivyo. Ukiweka nafasi yenye haki ya kughairi bure hadi siku fulani, haki hiyo imeandikwa na ni rahisi kuidai, wakati kwa simu utabaki kubembeleza. Kama safari bado haina uhakika, asilimia chache za nyongeza zina thamani yake.

Kuhusu bei kwa dola: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni. Mtanzania anayetajiwa dola ana haki ya kuomba bei kwa shilingi.

9. Kianzio kiwe kiasi gani, na nilipe vipi?

Asilimia 30 hadi 50 ni kawaida. Usiku mmoja tu, wakikubali, ni bora zaidi. Kulipa yote mapema kwa sehemu usiyoijua hatushauri, hata ukipewa punguzo. Punguzo kubwa la "lipa leo yote" ndiyo chambo ya matapeli.

Lipa kwa lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu huonyesha jina la mpokeaji. Hilo jina lifanane na jina la hoteli, au hoteli ikueleze kwa maandishi ni la nani. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya kaka yangu, ile ya ofisi ina shida", simama hapo. Hifadhi ujumbe wa muamala, na ukimaliza malipo dai risiti ya mashine ya EFD. Ina namba unayoweza kuihakiki kwenye mfumo wa TRA.

10. Nitajuaje kama hoteli au nyumba ipo kweli?

Omba simu ya video, si video iliyorekodiwa. Mwambie atoke nje ya lango, aonyeshe kibao na barabara, kisha aingie hadi chumbani bila kukata. Mtu aliyepo pale hufanya hivyo kwa dakika tatu. Ambaye hayupo atakuwa na mtandao mbovu siku zote. Tafuta picha zao kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe, uone kama hazitokei kwenye tangazo la Diani au Zanzibar. Fungua ramani ya satelaiti: "mita 20 kutoka baharini" inapimika.

Njia ya zamani nayo bado inafanya kazi. Muulize dereva wa bajaji wa stendi ya Kange au mwenye duka wa Pangani. Watu wa mji mdogo wanajuana.

11. Tunataka nyumba nzima, si hoteli. Kuna la ziada?

Lipo, na linaitwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kubalianeni nani ananunua umeme, na piga picha ya mita siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kiyoyozi kinachokesha kila usiku hula uniti nyingi, na mwenye nyumba aliyekuambia "umeme umo" alikuwa akifikiria taa na feni. Uliza pia mtungi wa gesi ni wa kilo ngapi na umebaki kiasi gani, nani anafua mashuka, na mlinzi analipwa na nani. Mkitaka mpishi, kubalianeni kama bei yake inajumuisha kwenda sokoni. Tanga mpishi mzuri wa samaki wa nazi na mkate wa kumimina ataipendezesha likizo, kwa hiyo mlipe kinachomstahili.

## Ukipitia kampuni

12. Nitajuaje kampuni ni halali, na kifurushi chake kina nini ndani?

Biashara ya utalii nchini huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Omba nakala ya leseni hiyo na uangalie mwaka wake, kwani leseni iliyokwisha muda si leseni. Jina la leseni, jina la usajili wa BRELA na jina la akaunti ya benki viwe kitu kimoja. Ukurasa wenye wafuasi wengi mtandaoni si ushahidi. Wengi wanaojiita kampuni ni madalali wanaopeleka oda kwa kampuni nyingine, na ukiwa na shida kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzake. Uliza moja kwa moja: gari ni lenu? Kama si lenu, nani mwenye dhamana likiharibika?

Halafu soma orodha ya vilivyomo, na zaidi ya hiyo, vilivyoachwa. "Kila kitu ndani" mara nyingi haina vinywaji, maji ya kunywa njiani, viingilio vya hifadhi wala bakshishi ya nahodha na dereva. Usiposoma, utatoa fedha mfukoni kuanzia siku ya kwanza.

Maneno ya kuogopa zaidi ni "hoteli fulani au ya hadhi hiyohiyo". Yanaipa kampuni ruhusa ya kukuhamisha. Si lazima uyakatae, maana wakati mwingine hoteli hujaa kweli, ila ongeza masharti yako: iwe kijiji kilekile, ufukweni kama ile ya kwanza, na ukihamishiwa ya bei ya chini urudishiwe tofauti. Anayesafiri peke yake aulize pia nyongeza ya chumba cha peke yake, kwa sababu bei za vifurushi huhesabu watu wawili chumba kimoja.

13. Naweza kununua sehemu tu ya safari kwa kampuni?

Ndiyo, na kwa wageni wengi wa ndani hii ndiyo tunayoipenda. Panga chumba mwenyewe, kisha nunua siku moja moja: Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, Maziwe. Amboni ni kama kilomita 8 kaskazini ya mji, bajaji inafika, na mwongozaji mnampata palepale. Vaa viatu visivyoteleza na ubebe tochi yako. Hoteli za Ushongo nazo nyingi hupanga boti na gari la kukuchukua Tanga au Pangani. Linganisha bei yao na ya mtaani kabla ya kukubali, lakini kumbuka kwamba boti ya hoteli ikighairiwa kwa upepo, hoteli inakujua na utaidai hapohapo.

14. Nimelipa kianzio, sasa wanasema bei imepanda. Ni sawa?

Ni sawa ikiwa makubaliano yalisema bei inaweza kubadilika na kwa sababu gani, mathalani mafuta au viingilio vya serikali. Kama hayakusema, bei mliyokubaliana ndiyo bei. Wajibu kwa maandishi, ukiambatisha ujumbe wao wa kwanza. Nyongeza ya viingilio omba uonyeshwe, maana viingilio vya serikali vina viwango vinavyotangazwa.

## Bahari na saa

15. Kwa nini boti ya Maziwe haiendi siku ninayotaka mimi?

Kwa sababu Maziwe ni fungu la mchanga, na maji yakijaa linamezwa. Hakuna mti wala nyumba juu yake, na hakuna kulala. Unafika maji yanapokupwa, unaogelea kwenye matumbawe, unakula, unaondoka kabla bahari haijarudi. Kwa hiyo mpangaji wa safari ni mwezi.

Hesabu yake ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji ya pwani hii hupwa sana, na kupwa kwa mchana huangukia karibu saa 4 hadi saa 6. Hizo ndizo siku za Maziwe: unaondoka Ushongo au Pangani asubuhi, unakuta mchanga wazi, unarudi mchana. Kila siku kupwa kunachelewa kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, kupwa kwa mchana kunasogea hadi karibu saa 10 au 11 jioni, na maji yenyewe hayashuki sana. Mchanga unabaki mdogo na unarudi giza linaingia. Nahodha anayekukatalia siku hiyo anakusaidia.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kuogelea mbele ya hoteli. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hapa hupita mita 3, kwa hiyo saa 4 asubuhi bahari inaweza kuwa mbali na utakanyaga tope na majani ya bahari, wakati saa 10 jioni imekuja hadi mlangoni. Anayetaka kuogelea asubuhi kila siku apange wiki ya maji mafu. Anayetaka Maziwe apange bamvua. Anayetaka vyote akae usiku tano au zaidi. Wapangaji wengi wa likizo hulijua hili wakiwa wameshalipa, na inauma kwa sababu ni jambo la kufungua kalenda tu.

Maziwe ni eneo tengefu la bahari na lina kiingilio, uliza kama kimo kwenye bei ya boti. Majaketi okozi yahesabiwe kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, na ya watoto yawe ya watoto.

16. Nafika saa 8 usiku. Niweke nafasi ya tarehe ipi?

Ya usiku uliotangulia. Ukishuka saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 15, chumba unachokihitaji ni cha kuingia tarehe 14. Ukiandika 15, hoteli itakutegemea saa 8 mchana wa tarehe hiyo, na utakaa mapokezi hadi kuche. Waambie pia kwa simu kwamba utachelewa, la sivyo wanaweza kukihesabu chumba kuwa mgeni hakutokea na kukiuza.

Saa zenyewe huchanganya. Tovuti ikisema kuingia ni 14:00, hiyo ni saa 8 mchana. Kutoka 10:00 ni saa 4 asubuhi, na nyumba nyingi za wageni Tanga hushika hiyo saa 4 kikamilifu. Ukipanga gari pamoja na ndugu aliyezoea saa za kizungu, taja "asubuhi", "mchana" au "usiku" kila mara. "Dereva aje saa 2" imewaacha watu wengi stendi.

## Mambo yakiharibika

17. Nimefika, chumba changu kimepewa mtu mwingine. Nifanye nini?

Usiondoke mapokezi na usipandishe sauti. Onyesha ujumbe wa makubaliano na muamala, kisha taka moja kati ya mambo haya kwa mpangilio huu: chumba cha daraja la juu hapohapo kwa bei ileile, chumba kwingine cha hadhi ileile, wao wakilipa tofauti na usafiri, au kianzio chote kirudishwe sasa hivi kwa simu. Saa 12 jioni bado una nguvu ya kuchagua, saa 5 usiku huna. Ndiyo sababu nyingine ya kufika mchana.

Kama ulipitia kampuni, usigombane na hoteli. Pigia kampuni, hilo ndilo ulilolipia (swali la 1). Kama ulipitia tovuti, ripoti kwao ukiwa bado mapokezi, kabla hujalipa kwingine.

18. Nikighairi narudishiwa?

Inategemea mlichoandika, na kama hamkuandika kitu inategemea hisani. Kabla ya kulipa, omba ngazi zilizo wazi: zaidi ya siku 30 nirudishiwe kiasi gani, zaidi ya siku 7 kiasi gani, chini ya hapo kiasi gani. Msiba na ugonjwa hutokea, kwa hiyo omba pia haki ya kuahirisha. Wenye hoteli wengi huona ugumu kurudisha fedha lakini hawana tatizo kuhamisha tarehe, hasa kwenda miezi isiyo na wageni.

19. Nimetuma fedha kwa tapeli. Kuna la kufanya?

Fanya haraka, ndani ya dakika ikiwezekana. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako na uombe muamala uzuiwe. Fedha ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi kubwa. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo ya kutaja namba ya tapeli, ili ifungiwe. Kisha nenda polisi na nakala za mazungumzo na muamala. Usifute chochote simuni, hata yale maneno yanayokuaibisha.

Ukipata ujumbe ndani ya tovuti ya kuwekea nafasi, ukionekana umetoka hotelini, unaotaka "uthibitishe kadi" kupitia kiungo, usibonyeze. Huo ni wizi unaojulikana: wezi huingia kwenye akaunti ya hoteli. Piga simu ya hoteli uliyoipata kwingine.

## Hali za pekee

20. Ndugu zetu wa Ulaya wamenunua kifurushi hukohuko. Wana ulinzi kuliko sisi?

Kwa fedha zao, ndiyo. Anayenunua kifurushi ndani ya Umoja wa Ulaya analindwa na Agizo la 2015/2302: muuzaji akifilisika lazima kuwe na dhamana ya kumrudishia fedha au kumrudisha nyumbani, bei ikipandishwa zaidi ya asilimia 8 anaweza kujitoa bila faini, na siku 20 za mwisho kabla ya safari bei haipandishwi tena. Uingereza ina mfumo wa ATOL kwa vifurushi vyenye ndege. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, serikali ya Uingereza iliwarudisha nyumbani wasafiri zaidi ya 140,000.

Lakini ulinzi huo hufuata kifurushi. Shangazi akinunua tiketi ya ndege peke yake, kisha akakutumia wewe fedha umlipie chumba Pangani, chumba hicho hakimo. Kwa malazi hayo afuate swali la 9 kama sisi wengine.

21. Tuko watu 30, wa ukoo au wa shule.

Msijitafutie vyumba kimoja kimoja. Teueni mtu mmoja wa kuzungumza na hoteli, na andaeni orodha ya nani analala na nani, wanaume, wanawake, familia, wazee wa vyumba vya chini. Omba bei ya kundi na nafasi ya bure kwa kiongozi au dereva. Wengi hukubali mkizidi 15. Hesabuni vitanda na si vyumba, na vyoo msivisahau: choo kimoja kwa watu kumi asubuhi ya safari ni kuchelewa kwa saa nzima. Kwa boti, gawaneni kwa makundi, na msikubali chombo kizidishe abiria kinaoruhusiwa hata nahodha akisema ni karibu.

22. Tunakuja mwezi wa Ramadhani au Idi.

Migahawa mingi ya Tanga na Pangani hufungwa mchana wa Ramadhani. Kama hamfungi, kubalianeni na hoteli chakula cha mchana mapema. Kama mnafunga, uliza daku inapikwa saa ngapi na kama inahesabiwa badala ya kifungua kinywa. Nyumba nyingi zitakubali zikiambiwa siku moja kabla. Futari ya Tanga haihitaji kuelezwa. Siku za Idi zenyewe fukwe hujaa na magari huadimika, kwa hiyo rudini siku ya tatu au ya nne, na tiketi mkate mapema.

23. Lazima kitambulisho?

Ndiyo. Kila mgeni huandikwa kwenye kitabu cha wageni, jina, atokako na aendako, hata akija na kampuni. NIDA, pasi au leseni ya udereva vinakubalika. Baadhi ya nyumba, hasa za taasisi za dini, haziwapi chumba kimoja mwanamume na mwanamke wasio na ndoa, na haziruhusu pombe. Uliza kwa simu ili msiaibishane mlangoni. Kwa watoto, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa kama mzazi mmoja hayupo.

24. Tunatoka Mombasa kupitia Horohoro. Tunahesabiwa wageni?

Kwenye hifadhi za TANAPA, ikiwemo Saadani, raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vyao kwa shilingi, tofauti na wageni wa nje, kwa hiyo beba pasi au hati ya kusafiria kila unapokwenda, si kuiacha hotelini. Kwenye hoteli hakuna kanuni moja: wengine watakupa bei ya mkazi, wengine bei ya mgeni. Uliza kabla, uandikiwe. Ukija na gari lako, malizia bima na kibali chake mpakani, na uwaambie hoteli mapema kwamba saa za kufika zitategemea foleni ya siku hiyo.